Madai ya Wizi wa Kura katika Uchaguzi wa Wanafunzi: Mwongozo wa Kuyashughulikia

Dai la wizi wa kura katika uchaguzi wa wanafunzi ni lalamiko kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakutokana na kura halali za wenye haki ya kupiga kura. Dai hilo hupimwa kwa mambo matatu: kanuni iliyovunjwa, ushahidi kwamba ilivunjwa, na uzito wa jambo hilo katika matokeo. Likikosa moja kati ya hayo halifiki mbali, hata kama mlalamikaji kweli ameonewa. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata kwa mgombea, ajenti wake, tume ya uchaguzi na uongozi wa chuo. Umeandikwa kwa kuzingatia hali ya Nairobi, kuanzia vyuo vya katikati mwa jiji kama Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kwenye barabara ya Haile Selassie, hadi mabewa ya magharibi kama Chiromo na Kabete.

Sheria inayotawala uchaguzi

Mfano wa dai la aina hii unaokumbukwa zaidi jijini, na uliotangulia mabadiliko ya sheria, ni wa Aprili 2016. Katika uchaguzi wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakati huo, Babu Owino alitangazwa mshindi wa uenyekiti. Kambi ya mpinzani wake, Mike Jacobs, iliyakataa matokeo na kudai kura zimeibwa. Mzozo ukahamia barabarani, polisi wakaingia chuoni hadi mabwenini, wanafunzi wakakamatwa na chuo kikafungwa. Mabadiliko ya sheria yalikuja mwaka huohuo: Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilirekebishwa, na rekebisho hilo likatiwa saini Desemba 2016. Baadaye SONU iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na chama kipya, UNSA.

Rekebisho hilo, lililomo katika kifungu cha 21, liliweka mfumo wa wajumbe. Wanafunzi wa kila idara, shule au kitivo huchagua wajumbe watatu, na wa jinsia moja hawapaswi kuzidi theluthi mbili. Wajumbe hao ndio wanaochagua baraza la wanafunzi ndani ya siku 30. Baraza lina mwenyekiti, naibu wake ambaye lazima awe wa jinsia nyingine, katibu mkuu, mweka hazina na wanachama wengine watatu. Kiongozi huhudumu kwa mwaka mmoja na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu.

Mfumo huu umebadilisha sura ya udanganyifu. Zamani kura zilikuwa maelfu, na aliyetaka kuiba alihitaji masanduku na karatasi za ziada. Sasa kura za mwisho ni chache. Chuo chenye vitivo kumi vinavyochagua wajumbe watatu kila kimoja kina wapiga kura 30 wa baraza, na kura 16 zinatosha kumpa mtu kiti. Kuwanunua au kuwatisha wajumbe watano kunaweza kugeuza kila kitu. Kwa sababu hiyo malalamiko huwa ya ngazi mbili, uchaguzi wa wajumbe na uchaguzi wa baraza, na yale ya ngazi ya kwanza hayana budi kukamilishwa kabla ya ngazi ya pili kuanza. Mjumbe aliyepatikana kwa njia batili akishapiga kura ya siri, hakuna awezaye kuitoa kura hiyo sandukuni.

Kabla ya kulalamika, mtu anatakiwa kuwa na maandishi matatu mkononi: Sheria ya Vyuo Vikuu pamoja na marekebisho yake hadi siku hiyo, katiba ya chama cha wanafunzi, na kanuni za uchaguzi zilizotolewa na tume ya mwaka huo. Juu ya yote hayo ipo Katiba ya Kenya. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki, wa haraka na unaofuata sheria, na ibara ya 50 inalinda haki ya kusikilizwa. Vyuo vya ufundi, kama Kabete National Polytechnic upande wa Waiyaki Way, viko chini ya Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013. Mwanafunzi wa huko hawezi kutegemea kifungu cha 21 cha Sheria ya Vyuo Vikuu, bali aanzie kwenye katiba ya chama chake na kanuni za chuo.

Kasoro, udanganyifu na jinai

Malalamiko mengi huharibika mwanzoni kwa kuita kila tatizo wizi. Kituo kilichochelewa kufunguliwa kwa saa moja kina kasoro. Karani aliyejumlisha vibaya amekosea. Karani aliyebadilisha tarakimu akijua anachofanya amedanganya. Mtu aliyeghushi sahihi ya msimamizi, au aliyeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, huenda ametenda kosa la jinai.

Tofauti hizi zina maana kwa sababu kila moja ina mamlaka yake na kiwango chake cha ushahidi. Kasoro na makosa hurekebishwa na tume. Udanganyifu huamuliwa na tume au jopo la rufaa, na mhusika hupelekwa pia kwenye kamati ya nidhamu ya chuo. Jinai ni kazi ya polisi na mahakama. Kughushi hati kunakatazwa na Kanuni ya Adhabu, na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018, yenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Mlalamikaji anayeweza kushinda kwa kuthibitisha kosa la hesabu hana sababu ya kujitwisha mzigo wa kuthibitisha njama. Kama fomu ya kituo inaonyesha kura 112 na jumla kuu ikaandikwa 121, inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Nani aliigeuza, na kwa nini, ni swali linaloweza kujibiwa baadaye.

Mahali udanganyifu unapoingilia

Sajili ya wapiga kura ndiyo mlango wa kwanza. Majina ya waliohitimu, walioahirisha masomo au waliohamia kitivo kingine yakibaki humo, mtu mwingine anaweza kupiga kura kwa majina hayo. Dalili yake ni idadi ya waliopiga kura kuzidi idadi ya waliojiandikisha kwa muhula huo, au jina moja kuonekana katika vitivo viwili.

Uteuzi wa wagombea ni mlango wa pili. Mgombea anaweza kuzuiwa kwa madai ya karo, alama au nidhamu, mwenzake mwenye hali ileile akapitishwa. Hapa lalamiko huwa ni la ubaguzi katika kutumia kanuni, na lazima liwasilishwe kabla ya kura kupigwa. Anayenyamaza hadi ashindwe atakuwa na kazi ngumu kueleza kwa nini alikubali kushiriki.

Karatasi za kura na masanduku hufuata. Karatasi zilizotolewa, zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki lazima zilingane. Karatasi ndani ya sanduku zikizidi majina yaliyotiwa alama kwenye sajili, kuna kura za ziada. Zikipungua kwa moja au mbili, huenda mpiga kura aliondoka na karatasi yake.

Usafirishaji wa matokeo una hatari ya pekee kwa chuo chenye mabewa yaliyotawanyika. Matokeo ya Chiromo, Kabete ya Juu, Kabete ya Chini au Kikuyu yanapoletwa bewa kuu yanapita mikononi mwa watu kadhaa na kwenye msongamano wa magari wa Waiyaki Way. Kura zikihesabiwa katika bewa zilikopigwa na fomu ikabandikwa ukutani hapohapo, safari hiyo haina kitu cha kuiba. Hatari huwa kubwa pale masanduku yenyewe yanaposafirishwa kwenda kuhesabiwa kwingine.

Kura za mtandaoni zina njia zake. Nywila zinaweza kukusanywa na mtu mmoja, nywila za wanafunzi wasio na habari zikabadilishwa na mwenye funguo za mfumo, au muda wa kupiga kura ukaongezwa kwa kitivo kimoja tu. Ushahidi uko katika kumbukumbu za mfumo: akaunti ipi iliingia, saa ngapi, kutoka anwani ipi ya mtandao, na nani alibadilisha nini. Kura nyingi kutoka anwani moja si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa wanafunzi wote wa bweni moja wanaweza kutumia mtandao mmoja wa chuo.

Mwisho ni hongo na vitisho. Chini ya mfumo wa wajumbe hii ndiyo njia rahisi zaidi na ndiyo ngumu zaidi kuthibitisha. Pesa hutumwa kwa M-Pesa kupitia namba ya mtu wa tatu, au wajumbe huchukuliwa na kulazwa mahali pamoja hadi saa ya kura. Mara nyingi ushahidi ni wa mjumbe mwenyewe aliyepokea, na hatasema kitu asipohakikishiwa usalama wake.

Maandalizi kabla ya kura

Kesi ya uchaguzi huanza kujengwa kabla mtu hajajua kama atashinda au atashindwa. Mgombea makini huomba sajili ikaguliwe mapema na huandika majina yenye shaka kwa tume angali na muda. Huteua ajenti kwa kila kituo, na ajenti wa akiba, kwa barua yenye sahihi. Humpa kila ajenti nakala ya kanuni, kalamu, daftari na simu yenye chaji.

Tume nayo ina maandalizi yake. Inatakiwa kutangaza mapema idadi ya karatasi zilizochapishwa na namba zake, kuonyesha masanduku matupu kabla ya kuyafunga, na kuandika namba za lakiri mbele ya maajenti. Inatakiwa kutaja wazi muda wa kuwasilisha malalamiko, mahali pa kuyawasilisha, na nani atayasikiliza. Wajumbe wa tume watangaze pia uhusiano wao na wagombea. Mwenye ndugu, mpenzi au mshirika wa kisiasa miongoni mwa wagombea ajiondoe mapema, kwani akijiondoa baada ya malalamiko kuanza ataonekana amefumaniwa.

Kosa kubwa la kimfumo ni kuifanya tume iliyosimamia uchaguzi kuwa pia ndiyo inayosikiliza malalamiko dhidi yake. Jopo la rufaa la watu watatu au watano wasiohusika, akiwemo mhadhiri wa sheria na mwanafunzi asiye na mgombea, huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Siku ya kura na saa za kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kura pia. Ajenti aandike saa kituo kilipofunguliwa, namba ya lakiri, majina ya makarani, idadi ya waliopiga kura kila saa, na kila tukio lisilo la kawaida pamoja na saa yake na walioliona. Maandishi yaliyofanywa papo hapo yana uzito kuliko kumbukumbu za wiki moja baadaye.

Kura zikihesabiwa, ajenti aombe nakala ya fomu ya matokeo. Akinyimwa, aipige picha fomu iliyobandikwa, picha ionyeshe fomu nzima pamoja na sahihi. Kupiga picha karatasi iliyotiwa alama na mpiga kura hakufai, kwa sababu kunavunja siri ya kura na kunaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mlalamikiwa.

Asiyeridhika haendi zake bila kuacha maandishi. Njia salama ni kutia sahihi na kuandika sababu za kutoridhika kwenye fomu hiyohiyo, au kukataa kutia sahihi na kuhakikisha sababu ya kukataa imeandikwa. Kuondoka kwa hasira kunawaachia wengine chumba, sanduku na kalamu.

Matokeo yakishatangazwa, mgombea amwandikie mwenyekiti wa tume barua ya mistari michache siku hiyohiyo, akitaka masanduku, sajili zilizotiwa alama, fomu, karatasi zilizobaki na kumbukumbu za mfumo zihifadhiwe chini ya kufuli. Barua hiyo si lalamiko kamili. Kazi yake ni kuzuia ushahidi usipotee wakati lalamiko linaandikwa.

Ushahidi unaosimama

Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya urais ya mwaka 2013, ilisema kiwango cha ushahidi katika kesi za uchaguzi kiko juu ya kile cha kesi za kawaida za madai, lakini hakifiki kile cha jinai. Jopo la wanafunzi halifungwi na kiwango hicho, ila linaweza kukitumia kama kipimo cha busara: uvumi hautoshi, lakini wala haihitajiki hakika isiyo na shaka yoyote.

Ushahidi bora ni hati ya uchaguzi wenyewe: fomu, sajili, orodha ya lakiri. Baada yake ni shahidi aliyeona kwa macho, anayeandika taarifa yake mwenyewe, kwa maneno yake, akitaja mahali na saa. Taarifa kumi zinazofanana neno kwa neno huonekana zimeandikwa na mtu mmoja, na hushusha hadhi ya zote.

Picha za skrini za WhatsApp ni ushahidi dhaifu zikiwa peke yake. Simu yenye ujumbe halisi ihifadhiwe bila kufuta kitu, na mazungumzo yaonyeshwe yote, si kipande kilichokatwa. Shauri likifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana na kifaa kilichotumika, kwa hiyo ni vyema mambo hayo yaandikwe mapema. Taarifa ya M-Pesa iwe ya mwenye akaunti aliyeitoa kwa hiari. Kuchungulia akaunti au simu ya mwingine ni kosa lingine jipya.

Ushahidi wa kubuni huua hata dai la kweli. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilipotupilia mbali kesi za urais tarehe 5 Septemba, ilieleza kwamba baadhi ya kumbukumbu za mfumo zilizowasilishwa mbele yake zilikuwa za kughushi. Mgombea akiletewa hati asiyojua ilikotoka, aulize ilipatikana vipi kabla ya kuiambatisha. Asipopata jibu linaloridhisha, aiache.

Kuandika lalamiko

Lalamiko zuri huingia katika kurasa mbili au tatu bila viambatisho. Huanza kwa kumtaja mlalamikaji, namba yake ya usajili na kiti kinachobishaniwa. Hufuata matokeo yaliyotangazwa na tofauti ya kura. Kisha kila tuhuma hupewa aya yake yenye namba, ikitaja kituo, saa, mhusika kama anajulikana, kanuni iliyovunjwa na kiambatisho kinachothibitisha. Mwisho huandikwa nafuu inayoombwa.

Muda wa kuwasilisha hutajwa katika kanuni za uchaguzi, na mara nyingi ni mfupi, wa saa au siku chache tu. Anayesubiri kukusanya kila kitu hujikuta nje ya muda. Ni heri kuwasilisha kilichopo kwa wakati na kuomba ruhusa ya kuongeza kuliko kuleta faili nene lililochelewa. Lalamiko lipelekwe kwa mkono, nakala ipigwe muhuri wenye tarehe na saa ya kupokelewa, na nakala nyingine itumwe kwa baruapepe kwa tume na kwa ofisi ya Mkuu wa Masuala ya Wanafunzi.

Hesabu ya tofauti ya kura ni lazima. Mshindi akiongoza kwa kura 40 na kura zenye shaka ni 12, kurudia uchaguzi mzima ni vigumu kutetewa kwa hesabu peke yake. Hata hivyo hesabu si kila kitu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, ikishikilia kwamba uchaguzi ni mchakato mzima, si tarakimu za mwisho tu, na kwamba ukiukaji mkubwa wa kanuni za msingi unaweza kuubatilisha. Mlalamikaji anayeegemea hoja hiyo aonyeshe kwamba kanuni iliyovunjwa ni ya msingi, kama vile siri ya kura au uwezo wa kuhakiki matokeo, na kwamba ilivunjwa mahali pengi au kwa kiwango kikubwa.

Kusikiliza lalamiko

Tume au jopo likipokea lalamiko hulipa namba, humpelekea mlalamikiwa nakala, na humpa muda wa kujibu. Muda huo uwe sawa kwa pande zote. Kuapishwa kwa mshindi wa kiti kinachobishaniwa kunaweza kuahirishwa kwa siku chache. Hilo lina madhara madogo kuliko kumvua mtu madaraka aliyokwisha kuanza kuyatumia.

Kikao hufanyika mahali ambapo pande zote zinaweza kufika bila hofu, na chumba cha kitivo kisichohusika kinafaa kuliko ofisi ya chama. Kila upande hutoa ushahidi wake na huuliza mashahidi wa upande mwingine maswali. Masanduku yakifunguliwa, yafunguliwe mbele ya wote baada ya lakiri kulinganishwa na namba zilizoandikwa siku ya kura. Kumbukumbu za mfumo zisomwe na mtaalamu asiyekuwa msimamizi wa mfumo huohuo, na maajenti waruhusiwe kuona anachoonyesha.

Mjumbe anayetaka kueleza kuhusu hongo asikilizwe faragha, lakini kiini cha maneno yake kielezwe kwa mlalamikiwa ili aweze kujibu. Ushahidi ambao mtuhumiwa hajawahi kuusikia hauwezi kuwa msingi wa kumwadhibu.

Mtuhumiwa ana haki zilezile alizonazo mlalamikaji. Kushinda kwa kura nyingi si dalili ya wizi, wala umaarufu wa mlalamikaji si ushahidi.

Uamuzi na nafuu

Uamuzi huandikwa. Hutaja tuhuma, ushahidi, kilichothibitishwa, kilichokataliwa, kanuni iliyotumika na sababu. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 kinampa aliyeathiriwa haki ya kuomba sababu kwa maandishi. Zisipotolewa, hatua hiyo huchukuliwa kuwa ilifanywa bila sababu nzuri hadi ithibitishwe vinginevyo.

Nafuu ilingane na kosa. Kosa la kujumlisha husahihishwa kwa kujumlisha upya. Shaka juu ya hesabu ya kituo kimoja hutibiwa kwa kuhesabu tena kura za kituo hicho. Kituo ambacho sanduku lake lilivunjwa kinaweza kurudia kura peke yake, ikiwa kura zake zinatosha kubadilisha mshindi. Uchaguzi mzima wa kiti hufutwa pale tu ubovu ulipoenea au ulipogusa misingi. Mgombea huondolewa ikithibitishwa kwamba yeye mwenyewe alishiriki au aliruhusu. Wafuasi wake wakitenda bila yeye kujua, adhabu iwafuate wao.

Njia za nje ya chuo

Kwa chuo cha umma, hatua ya kwanza nje ya tume mara nyingi ni kuomba habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba hati zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Akinyimwa, anaweza kwenda kwa Tume ya Utetezi wa Haki za Kiutawala, iliyo West End Towers kwenye Waiyaki Way, Westlands. Tume hiyo pia hupokea malalamiko dhidi ya maafisa wa umma wanaokawia, wanaokataa kujibu au wanaotumia mamlaka vibaya.

Asiyemudu wakili anaweza kupata ushauri kwa Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililoanzishwa mwaka 1973, lenye ofisi kwenye barabara ya Ole Odume, upande wa Kilimani.

Mahakama Kuu, Milimani, ndiyo kituo cha mwisho. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala inamtaka mlalamikaji amalize kwanza njia zote za ndani ya chuo, isipokuwa mahakama ikimruhusu kwa sababu za kipekee. Anayekimbilia Milimani siku ya pili bila kukata rufaa chuoni huenda akarudishwa alikotoka. Mahakama nayo haihesabu kura za wanafunzi. Hutazama kama walioamua walikuwa na mamlaka, kama walisikiliza pande zote na kama walitoa sababu. Kwa kuwa muhula wa uongozi ni mwaka mmoja, kesi ya miezi sita hula nusu ya muhula. Ndiyo maana ombi la amri ya muda hutolewa mwanzoni mwa kesi.

Mtandaoni na barabarani

Kumwita karani mwizi katika kundi la WhatsApp kunaweza kuzaa kesi ya kashfa, na hakuongezi uzito wowote kwa lalamiko lililo mbele ya tume. Kusambaza sajili yenye majina, namba za usajili na simu za wanafunzi kunaweza kukiuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mlalamikaji atangaze tu kwamba amewasilisha lalamiko, lini na wapi, na awaombe wenye ushahidi wajitokeze.

Ibara ya 37 ya Katiba inalinda haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wajulishwe si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Maandamano ya kudai lalamiko lisikilizwe yanaweza kuwa halali na yenye faida. Yakigeuka kuwa mawe na moto, mjadala huhama kutoka kwenye fomu za matokeo hadi kwenye mali iliyoharibiwa, tume hupata kisingizio cha kutokaa, na sanduku lililokuwa ushahidi linaweza kuungua pamoja na jengo. Mgombea aliyewaita wafuasi wake kuja ana wajibu wa kuwaambia watawanyike.

Baada ya uamuzi

Nakala za lalamiko, majibu na uamuzi zibaki katika ofisi ya Mkuu wa Masuala ya Wanafunzi na katika faili ya chama. Waliosimamia uchaguzi huhitimu na kuondoka, na tume mpya huanza bila kujua kilichoharibika mwaka uliopita. Ndani ya wiki chache baada ya mzozo kumalizika, tume inayoondoka iandike ripoti fupi inayotaja kanuni zilizoleta utata, vituo vyenye matatizo na marekebisho yanayopendekezwa, na chama kiyajadili marekebisho hayo kabla kampeni za msimu ujao hazijaanza. Kampeni zikishaanza, kila pendekezo litasomwa kama njama ya kumbeba mgombea fulani, na hakuna atakayelikubali.